Safari ya Bergen kumuona Mvua

Alhamisi usiku, kabla ya safari

Begi liko mlangoni tangu saa moja jioni na treni ni kesho asubuhi, usingizi hakuna, bora niandike. Nakaa Oslo mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi stoo, napanga mizigo, na kesho naenda Bergen kuonana na mtu ambaye tumechati karibu kila siku kwa miaka miwili na sijawahi kumuona sura wala kumsikia sauti. Jina lake sitalitaja, humu nitamwita Mvua maana ndo jina alilojipa kwenye grupu, kwa ajili ya Bergen, mji unaopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata picha ya profaili yake ni dirisha lenye matone ya mvua basi, hakuna mtu.

Tulikutana kwenye grupu la Waswahili wanaojifunza Kinorwe. Mwanzoni tulikuwa wengi, afu kama kawaida watu wakapungua, wengine walifaulu mtihani wakaaga, wengine walichoka, tukabaki wachache tunaoulizana maswali usiku wa manane. Yeye yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee na mi natoka stoo saa sita usiku, kwahiyo muda wetu ulikuwa uleule. Mtihani wa Kinorwe una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Mi kuandika naweza ila kusikiliza kulikuwa kunanitesa, yeye kinyume, wazee wa Bergen anawaelewa mpaka wakinong'ona, lakini kwenye kuandika alishaanguka mara mbili. Basi tukawa tunabadilishana, mi namrekebishia insha, yeye ananieleza watu wa kule wanatamkaje, kwamba sisi Oslo tunasema jeg wao wanasema eg, na r yao inatokea kooni. Tuliahidiana siku wote wawili tukipata kiwango cha B1 kwenye huo mtihani tutaonana. Majibu yametoka, wote tumepata.

Ila nisidanganye mtu, siendi kwa ajili ya B1. Naenda kwa sababu ya ule msimu wa kwanza wa baridi. Desemba huku Oslo jua linazama saa tisa na dakika kumi hivi alasiri, na mi nilikuwa naamka mchana kwa ajili ya zamu, yani nikifungua macho giza linaingia. Kuna wiki nilikuwa sitoki kabisa, stoo chumbani, chumbani stoo. Sikumwambia mtu. Mvua ndo alianza kuniuliza kila siku, meseji moja tu, "umetoka nje leo?" Na mi ili nisimdanganye ilibidi nivae viatu nishuke hadi chini, nipige picha ya kiatu changu kwenye theluji, nimtumie. Kila siku kiatu. Nikihesabu kwenye simu ile miezi mitatu kuna picha za kiatu zaidi ya sitini, kiatu kilekile, theluji inabadilika tu.

Kupigiana hatujawahi. Mwanzoni yeye alisema usiku wazee wamelala hawezi kuongea, mi nakaa nyumba ya watu watano kuta karatasi, ikawa mazoea.

Mambo ya usalama nimeyafanya na nasema wazi maana kuna watu wanaona aibu. Nimempa mwenzangu wa chumba cha pili saa na sehemu tutakayokutana, nimelipia kitanda changu mwenyewe hosteli, tiketi ya kurudi ninayo, na tunakutana mahali penye watu wengi, kukiwa bado kweupe. Mvua mwenyewe ndo aliyesisitiza, aliniambia "usije nyumbani kwangu siku ya kwanza hata nikikualika". Nikampenda zaidi.

Ijumaa, siku ya kwanza

Reli ya Oslo kwenda Bergen ilizinduliwa na mfalme Haakon wa Saba Novemba 1909, safari ni karibu masaa saba na nimekaa dirishani. Mpaka Drammen ni miji tu, baada ya Hønefoss inaanza misitu na mito, Nesbyen, Gol, Ål, watu wanashuka na mabegi ya kupandia milima. Sikusoma wala sikulala. Nilikuwa napitia meseji zetu za zamani ili nikumbuke nilishamwambia nini, maana kuna vitu nimemwambia huyu mtu ambavyo mama yangu hajui, na sasa nakwenda kukaa mbele ya macho yanayojua hivyo vitu.

Na nilimfikiria sana Mats Steen. Huyu alikuwa kijana wa hapahapa Norwe, alikuwa na ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na muda mwingi anacheza gemu onlaini. Wazazi wake waliamini amekosa marafiki. Alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 25, baba yake akaweka taarifa kwenye blogu ya mwanawe ili yeyote aliyekuwa anasoma ajue. Wakaanza kupokea meseji kutoka nchi mbalimbali, watu wanalia, wanaeleza Mats aliwasaidia nini, na baadhi yao walisafiri kuja kumzika. Huwa naumia nikifikiria wale marafiki zake, safari yao ya kwanza kumuona ndo hiyo ya msibani. Mi naenda kumuona wangu akiwa mzima.

Baada ya Geilo miti ikaisha. Yani ghafla tu hakuna mti, ni mawe na theluji, na hii ni mwanzoni mwa Juni. Finse ndo stesheni ya juu kabisa, mita 1,222, ziwa lilikuwa bado na barafu na ng'ambo yake unaona ule mlima wa barafu wa Hardangerjøkulen. Treni ikasimama kidogo watu wakashuka kupiga picha. Nikashuka na mi, nikapiga kiatu kwenye theluji nikamtumia. Akajibu palepale: "hicho kiatu hujanunua kingine tu?" Nikacheka mwenyewe pale kwenye baridi. Hakuna barabara ya magari inayofika pale, waliojenga ile reli walipasua mawe huko juu majira kwa majira, na njia waliyopitishia vifaa sasa hivi watu wanaendeshea baiskeli.

Kutoka Finse ni kushuka na mahandaki, unaingia gizani unatoka, unaingia unatoka, netiweki inakatika kila saa. Myrdal, Voss, Dale, Arna, handaki refu la mwisho chini ya mlima wa Ulriken, afu Bergen. Kulikuwa hakunyeshi. Nilishangaa kidogo, kama nimefika kwa mtu nikamkuta hayupo.

Tulipanga saa kumi na moja jioni kwenye jiwe la bluu. Ukiwauliza watu wa Bergen tukutane wapi watakwambia Den blå steinen, ni jiwe kubwa la bluu lililowekwa pale Ole Bulls plass mwaka 1993, katikati ya mji, na ukifika unakuta kweli kila aliyesimama hapo anamsubiri mtu, wote tunaangalia huku na huku. Akaandika: "nimevaa koti jekundu". Nikaanza kutafuta koti jekundu. Kichwani mwangu nilikuwa natafuta mtu wa umri wangu, thelathini hivi, sijui kwa nini, hakuna siku aliniambia, mi mwenyewe nilimjenga hivyo toka siku ya kwanza na nikawa namwita mshkaji, "mambo mshkaji", "mshkaji hiyo sentensi umeharibu", na yeye anajibu "poa mshkaji" bila shida yoyote.

Kulikuwa na koti moja tu jekundu. Alilivaa mama mtu mzima, mvi zinaonekana chini ya kofia, ameshika mkoba kwa mikono miwili mbele yake. Nikamtazama, nikatabasamu kwa adabu vile unavyotabasamu kwa mzee usiyemjua, nikaendelea kutafuta. Simu ikatetemeka. "Ni mimi uliyenitazama."

Sijui nilisimama pale sekunde ngapi. Miguu ilinipeleka, neno lililotoka mdomoni ni shikamoo, na lilitoka dogo mno kama la mtoto aliyetumwa.

"Marahaba," akasema. Sauti yake ni nene kuliko nilivyowaza na ina mikwaruzo kidogo. Akanyamaza, afu akasema, "Mambo lakini?"

Nikashindwa kusema poa. Kabisa. Neno nililomwandikia mara elfu halikutoka, na kwa kuwa usoni sikuweza kumtazama nikawa natazama viatu vyake. Vya kahawia, visivyo na kamba, vile vya kunatisha kwa juu, cha kushoto kimeliwa upande wa nje. Mpaka sasa hivi viatu vile navijua kuliko kitu chochote nilichokiona siku hiyo.

Tukaenda kunywa kahawa, akaagiza skillingsboller mbili, zile mkate tamu za mdalasini za huko kwao Bergen. Tuliongea ndio, ila maongezi ya wageni, safari ilikuwaje, treni ilijaa, Oslo kuna joto. Kila nikifungua mdomo najikuta natafuta nimwite nani. Wewe naona ni ukosefu wa adabu, mama naona nitamuumiza, dada sio, Mvua sauti inakataa. Nikawa natunga sentensi zisizomwita mtu. Ana miaka 61, alisema mwenyewe bila mi kuuliza, na alivyosema akaniangalia moja kwa moja kusubiri uso wangu utafanya nini. Uso wangu sijui ulifanya nini. Tulikaa kama saa moja, akasema amechoka, tuonane kesho.

Nikarudi hosteli nikiwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Nilikuwa najiuliza kama nimedanganywa, nikapitia meseji zote tena nikitafuta uongo, hakuna hata mmoja. Hajawahi kusema ni kijana. Alishasema magoti yanamuuma, nikamjibu mshkaji nenda jimu. Alishasema "watoto wangu wamekua", nikapita hivihivi nikauliza habari za insha. Yani kila kitu kilikuwa pale nimeandikiwa, na sikusoma.

Saa nne usiku, nje bado kweupe, jua la Juni linazama karibu saa tano, meseji ikaingia. "Umekula?" Nikajibu nimekula. Akasema "leo tulikuwa kama tuko kwenye usaili". Nikacheka kwa sauti mpaka jamaa wa kitanda cha juu akageuka. Tukachati mpaka saa saba, vizuri tu, kama kawaida yetu, yeye yuko umbali wa dakika kumi na tano kutoka nilipo na ilikuwa rahisi kuliko pale mezani. Ila neno mshkaji niliandika mara tatu nikafuta.

Jumamosi, siku ya pili

Asubuhi akanipeleka sehemu ambayo sikuitarajia, makumbusho ya ukoma. Kuna hospitali ya zamani inaitwa St. Jørgen, ya miaka ya 1400, wagonjwa wa ukoma waliishi hapo kwa karne nyingi, na ni hapa Bergen mwaka 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen alipogundua bakteria wa ukoma, wakati huo wengi waliamini ugonjwa unatoka kwenye damu ya ukoo. Vyumba ni vidogo sana, vimezunguka ukumbi mmoja wa mbao, unasikia kila hatua. Mvua alinieleza mambo kwa sauti ya kazini, alisema Hansen pia alimchoma mgonjwa mmoja, mwanamke, kwenye jicho, kumjaribishia ugonjwa bila kumwomba ruhusa, akashtakiwa na mwaka 1880 akapoteza nafasi yake hospitalini. "Mgonjwa ni wa kuombwa ruhusa," akasema, "hata kumgeuza ubavu unamwomba." Alisema kwa ukali kabisa, na hapo nikamsikia mtu ninayemjua, yule anayeandika kwa herufi kubwa saa nane usiku mtu akimkera mzee wake.

Wagonjwa wawili wa mwisho walifariki mwaka 1946, walishaishi hapo zaidi ya miaka hamsini. Tulisimama mlangoni kwenye chumba kimoja, akaniuliza, "Hawa wawili wa mwisho, mmoja alipotangulia, yule mwingine alikuwa anaongea na nani?" Sikuwa na jibu. Yeye ndo mtu wa kuwaza hivyo, na ndo maana Desemba ile aliniuliza kama nimetoka nje wakati watu niliokuwa nakaa nao nyumba moja hawakuuliza.

Kutoka pale tukatembea taratibu mpaka Bryggen, zile nyumba za mbao za wafanyabiashara wa Kijerumani kando ya maji, rangi nyekundu na njano. Mji uliungua mwaka 1702 zikajengwa upya, na UNESCO wameziorodhesha tangu 1979. Wajerumani walikuwa wananunua samaki wakavu wa kutoka kaskazini na kuleta nafaka, walikaa hapo karibu miaka mia nne, wanaume watupu, hawaruhusiwi kuoa, na ndani ya zile nyumba moto ulikatazwa kwa kuogopa kuungua kwahiyo kupata joto walikuwa na majumba maalumu pembeni. Mvua alisema kila akipita hapo usiku wa baridi anawaza wale vijana waliotumwa ugenini, wamelala kwenye mbao bila moto. Nilipenda hapo ila watalii ni wengi mno, tukatafuta benchi nyuma huko.

Ndo nikauliza. "Kwanini hukuniambia?"

"Kukwambia nini?"

"Umri."

"Hukuuliza." Akavua miwani akaifuta na ncha ya skafu, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine. "Na nilivyoona huulizi nikafurahi. Nisikilize. Nimekuja nchi hii nina miaka arobaini na moja. Kazini mi ni mama, hata bosi ananiita mama. Nyumbani mi ni bibi. Watu wetu wote hapa mjini mi ni shangazi, nikiingia sehemu vijana wanazima muziki wananipisha kiti. Nashukuru, sio kwamba sishukuru. Halafu siku moja naandika sentensi kwenye grupu, mtu ananijibu 'mshkaji hiyo sentensi umeharibu'. Nilicheka zamu nzima. Miaka mingapi hakuna mtu aliyenikosoa? Wananiheshimu tu."

Nikanyamaza. Akafungua mkoba akatoa daftari, la kawaida la mistari, jalada la bluu limekunjika pembe, limefungwa na lastiki. Akanipa. Ukurasa wa kwanza juu kabisa kwa mwandiko mkubwa wa kulala: *Kitenzi kina kiti chake, kiti cha pili. Hata aje nani, hahami.* Chini yake tarehe, na mfano, I dag drikker jeg kaffe, neno drikker limepigiwa mstari mara mbili mpaka karatasi imetoboka kidogo. Hayo ni maneno yangu. Nilimwandikia usiku mmoja niko kwenye basi, alikuwa anaanza sentensi na "leo" afu anaweka "mimi" mbele ya kitenzi kama tunavyofanya sisi, kumbe Kinorwe ukianza na "leo" basi kitenzi kinafuata hapohapo na "mimi" inasogea nyuma. Nilimwambia la kiti ili akumbuke, nikasahau. Yeye alilinakili kwa mkono. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi, kila nilichowahi kumrekebishia kipo, na tarehe yake, na pembeni ya kurasa nyingine ameandika vitu vingine visivyo vya somo, "leo hakutoka", "leo katoka", "kiatu kimelowa, nimwambie anunue soksi za sufu".

Nikashindwa kuendelea kusoma. Yeye akawa anatazama maji.

"Kwenye simu yangu nimekuandika Mwalimu," akasema. "Sasa jana umeniamkia mi nikaitikia, sawa, mi ni mkubwa. Na mwanafunzi na yeye amwamkie mwalimu wake au tuache?"

Nikamwambia "Mvua, usiniamkie tafadhali," na ndo mara ya kwanza nilimwita jina lake kwa mdomo.

Jioni ilikuwa tupande mlima. Huu mpango wetu wa mwaka mzima, mi ndo nilikuwa nasukuma, nilisema twende Ulriken kwa miguu, mita 643, mlima mrefu kuliko yote saba inayozunguka mji, yeye kila siku anajibu "tutaona". Sasa nimetembea naye mchana kutwa, nimeona anavyoshuka ngazi, mguu mmoja kwanza, unasubiri wa pili. Nikasema kwa leo twende Fløyen kwa Fløibanen, ile treni ndogo ya kuvutwa na kamba, iko tangu 1918 na inakufikisha mita 320 kwa dakika chache tu. Akaniangalia kwa pembeni akasema, "Umeanza kuniheshimu sasa." Nikamjibu, "Hapana mshkaji, nimechoka mimi." Lilitoka lenyewe. Alicheka mpaka akashika nguzo, cheko lake ni la chinichini linakuja kwa mafungu, na nikagundua zile emoji zote za kucheka alizowahi kunitumia hazifanani na hili hata kidogo.

Tulikaa huko juu mpaka karibu saa nne na nusu, mwanga bado upo, mji wote uko chini, bandari, meli, mapaa ya Bryggen, na mbuzi wanazurura kati ya watu bila wasiwasi. Tuliongea vyote. Vile ambavyo niliogopa atavijua alivijua tayari na hakuvigusa mpaka mi mwenyewe nilipovigusa. Alinieleza na ya kwake, ambayo ni ya kwake, siandiki. Kuhusu kuitana tukakubaliana hivi, asubuhi nitamwamkia kama anavyostahili, na kwenye chati mambo yabaki yalivyo.

Jumapili, siku ya tatu

Mvua ya maji imenyesha tangu alfajiri, sio kali ila haina mpango wa kuisha. Leo alinialika kwake, nikaenda. Nimebisha hodi, aliyefungua ni mjukuu wake, kabinti ka miaka tisa hivi, akaniangalia juu mpaka chini, akageuka akapiga kelele kwa ndani, "Bibi, Mshkaji amefika!" Kumbe nyumba nzima hilo ndo jina langu. Mwanawe wa kike akatoka jikoni kunisalimia, "Karibu Mshkaji, tumekusikia sana", mume wake, ni Mnorwe, na yeye akajaribu kulitamka. Miaka miwili nilikuwa nadhani ninachati na mtu mmoja gizani, kumbe upande wa pili watu wanakaa mezani wanaulizana Mshkaji leo katoka nje? Yule mtoto aliniomba nimuonyeshe kiatu. Nikamuonyesha. Alikikagua kwa makini akasema kwenye picha kilikuwa kikubwa.

Nilikunywa chai vikombe vitatu kwa sababu sikutaka kuondoka.

Mvua akanisindikiza na Bybanen, ile treni ya mjini, mpaka stesheni, nilimkatalia kwa ajili ya mvua akasema mvua ni yeye. Kwenye plattfomu tulisimama bila maneno mengi. Sio ile kimya ya Ijumaa. Akanirekebisha kola ya koti, akanipa kimfuko, nikikifungua sasa hivi ndani kuna soksi za sufu, kijivu, amesuka mwenyewe. Nikamwambia shikamoo, ile ya kuagia, akasema marahaba mwanangu, safari njema, fika uniambie. Mwanangu amelisema vile mama anavyosema. Treni ilipoanza nikamuona anatembea sambamba na behewa, taratibu, na miguu yake ile, mpaka plattfomu ikaisha.

Handaki la Ulriken, giza, Arna, mahandaki mengine, netiweki hakuna. Karibu na Voss simu ikashika tena na picha moja ikaingia, haina maneno. Viatu viwili vya kahawia, vya kunatisha, cha kushoto kimeliwa upande wa nje, vimesimama kwenye dimbwi la maji nje ya stesheni.

Nimemjibu: umetoka nje leo mshkaji.